Aliyemwambia Nabii

"Usimtafute aliyemwambia nabii." Methali hii mliisikia jana kwenye kikao cha maji, mkacheka bila kujua mnacheka nini. Kaeni basi, wajukuu zangu, niwaeleze ilikotoka, maana nilikuwepo, na mimi pia nilishuku watu wasio na kosa.

Mnajua hapa kwetu Upare maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la mawe na udongo walilotuachia babu zetu. Jioni huzibwa, asubuhi huzibuliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Mgawa maji wakati huo alikuwa Mzee Senkoro, mtu wa sauti ya upole, mwenye shamba la kabichi lililokuwa kijani hata mwezi wa tisa. Chini ya shamba lake lilikuwa la mjane Nakiete, aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, na yakikosa maji wiki hizo watoto wale hawakuwa na chakula kingine. Kila akiulizia zamu yake, Senkoro alimjibu kuwa ndiva haijajaa.

Jumapili moja mwinjilisti mpya, Elinami, ambaye hakuwa amemaliza hata wiki mbili kijijini, alisoma kitabu cha Amosi. Alisoma maonyo ya Mungu kwa wanaowakanyaga maskini, watakaopanda mizabibu wasionje divai yake, na habari ya hukumu ishukayo kama maji. Hakuongeza mengi. Alifunga kitabu, tukaimba.

Tulipotoka nje, watu walisalimiana kwa ncha za vidole. Mwenye duka alidhani amesemwa yeye na kibaba chake cha kupimia kilichobonyea. Mimi, niliyekuwa nimemsingizia wifi yangu, niliamini wifi amenitangulia kwa mwinjilisti. Lakini Senkoro ndiye aliyeungua zaidi. Alianza kuwapekua moyoni wote waliomtembelea Elinami: aliyempelekea kuni, mwalimu wa kwaya, na Nakiete aliyempelekea mkungu wa ndizi. Akaishia kwa Nakiete. Juma lile zamu ya mjane ikarukwa tena, kimyakimya.

Jumamosi akaenda kwa mwinjilisti na wazee wawili wa kamati ya maji. Nilikuwa pale uani nikimsaidia mke wa Elinami kumenya ndizi, nikasikia kila neno.

"Mwinjilisti, hatujaja kwa ugomvi," alisema Senkoro. "Tunataka jina tu."

"Jina la nani, mzee wangu?"

"La aliyekupa habari zetu."

"Zile ni habari za Amosi, mchungaji wa kondoo wa zamani sana. Somo lilipangwa na kalenda ya kanisa. Hata ng'ambo ya mlima wamelisoma siku hiyohiyo."

"Na huyo Amosi alijuaje mambo ya ndiva yetu?"

"Sikutaja ndiva, mzee."

Senkoro akatabasamu, kama mtu anayeona anafichwa. "Tusizungushane. Ni yule mama. Wewe kubali tu kuwa ni yeye, na mimi kesho asubuhi nitamrudishia zamu zake zote tatu."

Nikaacha kumenya. Mmoja wa wazee akamgeukia. "Zamu zipi tena? Si ulituambia Nakiete amekuachia kwa hiari yake?"

Elinami, maskini, alikuwa haelewi lolote. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema polepole, "Mzee wangu, mimi nimefika juzi. Habari hii naisikia leo, na anayeniambia ni wewe."

Kesho yake, kabla ya ibada, maji yalishuka hadi kwa Nakiete. Nusu ya mahindi ilikuwa imekauka, haikurudi. Nusu iliyobaki iliwalisha watoto wale kwa kubanabana hadi masika, na niliona aibu kila nilipowapita, maana mahindi yao yalikauka sisi tukiwaza nani katusema. Ugawaji wa maji akapewa mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimemwendea wifi yangu jioni ileile ya Jumamosi nikamwomba radhi, kabla kalenda haijaleta somo jingine. Alikuwa hajamwambia mwinjilisti chochote.

Kwa hiyo neno likikuchoma kanisani, tazama kwanza limekuchoma wapi. Ukianza kuwahesabu wambea utapita nyumba zote za kijiji, na mwisho utabisha hodi kwako mwenyewe. Usimtafute aliyemwambia nabii.