Ngiri Aliyeshuka Theluji Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa.

Haya, sasa tumeamka wote.

Hapo kale, zamani hizo mlima mkubwa ukiwa umevaa theluji hadi mabegani, ukame uliingia bondeni. Nyasi zikakauka. Mizizi ikakauka. Ngiri akachimba, akachimba, akapata vumbi. Watoto wakalia.

Fisi akaja kuwajulia hali. Akasema, "Jirani, mbona mnateseka? Pangoni kwangu pana kivuli na maji. Njooni mkae. Watoto hasa, waleteni."

"Asante," Ngiri akasema. "Tutafikiri."

"Fikirini haraka," Fisi akasema, akameza mate.

Wapita njia walisema upande wa pili wa mlima kuna mizizi minene. Lakini njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu, na watoto wasingeweza kuifuata bure. Ilibidi mmoja akate juu kwa juu, apite kwenye theluji, akaangalie.

Mke wa Ngiri akasema, "Baba Watoto, nenda. Lakini jua likifika utosini sina habari yako, nawapeleka kwa Fisi. Kwa njaa watakufa hakika. Kwa Fisi, labda."

"Nitarudi mapema," Ngiri akasema. "Mimi na mbio tumezaliwa pamoja."

Pimbi, anayeishi miambani huko juu, akakubali kumwonyesha njia. Wakatoka alfajiri, nyota bado zipo. Pimbi akamfunga Ngiri magome ya mti miguuni, marefu, laini kwa chini, ya kutelezea.

"Sikiliza, bwana," Pimbi akasema. "Usiku theluji huganda. Saa hizi juu ni ngumu kama sahani, chini ni uji. Jua likiipiga, sahani inavunjika. Twende sasa, na usisimame njiani."

"Mimi sisimami."

Wakapanda. Kwaru, kwaru, kwaru. Ngiri akateleza akarudi nyuma. Kwaru, kwaru. Akateleza tena. Mkia wake umesimama wima, kama wa mtu anayejua anakokwenda.

Karibu na kilele akaona jani moja la nyasi limechomoza. Sasa ngiri, mnajua, hali nyasi amesimama. Hupiga magoti. Akapiga magoti. Magome yakateleza. Shwaa. Akarudi alikotoka, kwa magoti, jani mdomoni.

Pimbi akamngoja. "Lilikuwa tamu?"

"Chungu."

"Haya, twende."

Jua likachungulia. Wakafika juu. Mbele yao mteremko mweupe ulishuka, ukashuka, kama mdomo wa shimo. Na ngiri akiona shimo hufanya kama baba yake alivyomfundisha. Huingia kinyumenyume, meno yakitazama mlangoni, adui asimkamate kwa nyuma. Ngiri akageuka. Akatanguliza makalio.

"Unafanya nini?" Pimbi akauliza.

"Naingia."

"Geuka utazame mbele."

"Nimpe adui mgongo?"

"Adui gani, bwana? Huku hata nzi hafiki."

Magome yalikuwa yameshaanza kuteleza. Shwaaa. Ngiri akaona vizuri sana alikotoka. Anakokwenda hakukuona. Sahani ikavunjika. Kacha, kacha, pu. Akazama hadi machoni. Yakabaki meno na pua.

Mimi ninayewasimulia, umande tu wa shambani huniangusha. Kwa hiyo simcheki. Mnacheka nyinyi.

Pimbi, kwa wepesi wake, akamfuata juu kwa juu. "Vua magome. Jilaze. Ubingirike."

"Nibingirike kama boga? Mimi?"

"Boga lisingekwama."

Ngiri akajilaza. Biri, biri, biri, mpaka chini. Pua ikaingia kwenye udongo mweusi. Akanusa. Akachimba. Mizizi, minene, yenye maji.

Akageuka arudi kwa mkewe. Akakanyaga theluji. Pu. Akakanyaga tena. Pu. Uji mtupu. Jua linapanda.

"Hupiti hapa mpaka alfajiri," Pimbi akasema.

Juu ya jiwe alikaa Kunguru, mpeleka habari wa mlimani na bondeni. Alikuwa ameona mteremko wote, na alikuwa bado anacheka.

Ngiri akamwambia, "Ndugu yangu, kamwambie mke wangu mizizi ipo. Azunguke na watoto. Asiende kwa Fisi."

Kunguru akapiga miayo. "Mizizi ipo. Hiyo nayo ni habari? Nani atanisikiliza?"

Ngiri alikuwa na jina bondeni. Hata Simba alimheshimu, au ndivyo yeye alivyosema. Akalitazama jua.

"Uliniona nilipopiga magoti?" akauliza.

Kunguru akasogea. "Magoti? Lini?"

"Kwa ajili ya jani moja. Nikateremka kwa magoti kama anayeomba radhi. Kisha kule juu nikauingia mlima kwa makalio. Mlima mzima, Kunguru, nikaudhani shimo langu. Nikabingirika kama boga, na pua ikaangukia mizizi. Ukisimulia, usiiache mizizi. Bila mizizi kichekesho hakina mwisho."

Kunguru akaruka bila kuaga.

Mke wa Ngiri alikuwa ameshafika mlangoni kwa Fisi. Fisi ameshatandika majani. Kunguru akatua, akasimulia. Nyumbu waliokuwa wakipita wakacheka. Pundamilia akakaa chini kwa kicheko.

"Uongo huo," Fisi akasema. "Nani ashuke mlima kinyumenyume?"

"Mume wangu," mke akasema. "Huyo ni yeye hasa. Watoto, geukeni. Baba yenu amepata mizizi."

Wakauzunguka mlima. Wakafika wamekonda, lakini wote. Watoto wakala, wakashiba. Kisha mdogo akasema, "Baba, tuonyeshe ulivyouingia mlima."

Ngiri akageuka. Akatanguliza makalio.

Funzo lake ni hili. Ngiri angelinda heshima yake, watoto wake wangeliwa. Anayeweza kujicheka huwafaa wa nyumbani kwake kuliko anayejisifu.

Hadithi yangu imefika chini ya mteremko, na hapo ndipo ilipoishia. Anayetaka kunicheka sasa, aanze.