Maji ya Kumwogeshea Mtoto wa Kiboko

Zamani, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakilima na kualikana, Kiboko alikuwa na shamba la mpunga kando ya bwawa. Kila akimaliza kupiga dawa ya magugu, alisuuza mabomba yake bwawani. Chwaa! Povu likasambaa.

Humo ndimo Bi Chura alimotaga. Msimu ule baadhi ya viluwiluwi wake waliota mguu mmoja wa nyuma. Wengine hawakuota hata huo.

"Bwana Kiboko," Chura akamwendea, "dawa yako inalemaza wanangu."

"Ho-ho-ho! Mimi naoga humo kila siku. Nina kasoro gani? Na wewe, miguu yako si minne?"

"Sisi tulishaumbika, bwana. Wao wanaumbika bado. Tone lisilokuwasha wewe linamvuruga aliye ndani ya yai."

"Nenda zako huko na kelele zako! Maji yale hayana neno. Lete ushahidi."

"Haya."

Akaondoka, chupu, chupu. Tumboni alikuwa na mayai mengine, na pa kutagia palikuwa hapo hapo.

Siku si nyingi mke wa Kiboko akajifungua. Majirani wakajaa uani. Vigelegele, lililililii! Chura naye akaingia, kajitwisha mtungi.

"Hongera, mzazi! Nimeleta maji ya kumwogeshea mwana."

"Asante, shoga yangu." Mama mtoto akayamimina kwenye beseni.

"Umeyachota wapi?" Kiboko akauliza.

"Bwawani. Pale unaposuuzia mabomba."

Kiboko aliruka, puu! "Mwaga! Mwaga, mke wangu! Usimguse nayo mtoto, yana sumu hayo!"

Majirani wakamgeukia.

"Yana sumu?" Ngiri akauliza. "Si ulimwambia Chura hayana neno?"

"Kwa... kwa mkubwa hayana neno! Huyu kazaliwa leo!"

"Ndiyo hoja yangu," akasema Chura. "Umeieleza vizuri kuliko mimi. Tulieni, haya ni ya mvua, nimeyakinga mwenyewe. Mwogesheni. Mimi siwamwagii sumu watoto wa wenzangu."

Mama mtoto akamgeukia mumewe. "Kachimbe shimo la kusuuzia mabomba yako, mbali na maji. Sasa hivi."

Akachimba, majirani wote wakimsimamia. Mayai yale mengine yalianguliwa salama. Wale wa mguu mmoja hawakuota wa pili.

Anayekuambia sumu haina neno, mtazame anavyomkinga mwanawe.