Kwa Nini Pembe Hutaja Jina Kabla ya Habari

Zamani, vilima saba vilipokuwa bado vinachota maji katika kisima kimoja, pembe haikuwa na adabu. Ilikuwa na mlio wa moto, mlio wa msiba, na mlio wa mama aliyeshindwa kujifungua, lakini haikusema nani anaitwa wala nani anaita. Mila ilikuwa moja tu: kilima kikisikia, nacho kinapuliza pande zote. Mpiga pembe aliyenyamaza alihesabiwa mchoyo, na mchoyo hakupewa mke. Na watu waliisifu mila hiyo. Waliisifu, jamani!

Asubuhi moja, katika kilima cha Kwembago, Mboza alishikwa na uchungu na mtoto akakaa vibaya. Mdogo wake, Nakiete, akakimbilia kwa mpiga pembe, mzee Shekiondo. Mkunga hodari, Bibi Chandeo, alikaa kilima cha pili upande wa magharibi. Akiitwa, chungu cha maharage kisingeiva kabla hajafika.

"Babu, mwite Bibi Chandeo!"

"Mjukuu wangu, pembe haimwiti mtu. Pembe inaita dunia." Akapuliza.

Vilima vikapokea, vikarusha huku na huku. Nakiete akarudi kumshika dada yake mkono, masikio yakiwa njiani. Jua likapanda, bibi haonekani. Mara, kutoka mashariki, mlio uleule wa uzazi ukasikika, na Nakiete akaona jambo lililomwacha kinywa wazi: wanawake waliokuwa wakimkanda Mboza wakajifunga viuno, wakatoka mbio kuelekea mashariki.

"Kuna mwenzetu huko anateseka!" walisema. Mmoja tu ndiye aliyebaki.

Nakiete akatoka nje akihema. Mzee Shekiondo, jasho likimtiririka, alikuwa akiupuliza mlio ule upya.

"Babu! Hicho ni kilio chetu! Kimezunguka, kimeturudia!"

"Umejuaje? Na kama ni cha wengine, ninyamaze wafe?"

Nakiete akarudi ndani kwa dada yake. Mzee hakuwa amekosea. Kilio hakikuwa na alama yoyote ya kwao.

Bibi Chandeo aliingia alasiri, miguu imevimba. Milio ilikuwa imemjia kutoka pande tatu kwa mpigo, naye akafuata ule wenye nguvu. Alipita vilima vinne, na kila mahali aliambiwa, "Si hapa, mama. Sisi tumesikia tu." Mboza akaokolewa. Mtoto alikuwa tayari amefunikwa kwa jani la mgomba, hana uhai, hajapewa hata jina.

Siku ya gulio wapiga pembe saba walipokutana, Nakiete alisimama bila kuitwa.

"Mnapoita wote, mmemwita nani?"

Mmoja akacheka. "Binti, unataka kuifundisha pembe kusema?"

"Ndiyo, baba. Mbuzi wako ana jina, ukimwita anakuja. Kilima kizima hakina?"

Mzee Shekiondo akaiweka pembe yake chini. "Nilipuliza mara tisa," akasema, "mara tisa, pande zote. Bibi hakufika. Mpeni binti huyu anachotaka."

Hapo kila kilima kikapewa mlio wa jina lake. Wakakata shauri: kwanza jina la kinakokwenda kilio, kisha jina la kilikotoka, ndipo habari. Kilima cha njiani kikirushe upande mmoja tu, ule unaoelekea kwa mwenyewe. Na anayesikia kilio kilichotoka kwake mwenyewe kikimrudia, akiache kifie hapo.

Na tangu siku hiyo, habari haitoki bila kutajiwa mwenyewe. Hata barua za leo, zinazopita hewani bila pembe, hukataa kuondoka kabla ya anwani. Na bado wapo wanaobonyeza "tuma kwa wote" wakijiona wakarimu.

Lakini msikilize mpiga pembe wa Kwembago. Akishataja majina yote mawili, hukaa kimya kidogo kabla ya habari. Wageni hudhani anavuta pumzi. Wenyeji wanajua: hapo pana jina la tatu, la yule mtoto ambaye hakuwahi kuitwa.