Michungwa Iliyonyimwa Usingizi

Wasemao wamesema, na waliowasikia wakaongeza chumvi yao, kwamba katika mji wa Marjani alitawala Sultani Ghaithi, naye alikuwa na bustani ya michungwa aliyoipenda kupita kiasi, hata akaamuru inyweshwe asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Nayo ikanenepa majani, na kwa miaka mitatu isitoe hata ua moja. Sultani akanadi kwamba atakayeichanusha ataozwa bintiye, Nuwera, na atakayejaribu akashindwa atakatwa kichwa.

Basi Mbaruku, mchota maji wa bustani hiyo, aliyempenda Nuwera kimoyomoyo na aliyekuwa na pete ya jini, akajitia kimbelembele barazani na akala kiapo, kisha akaenda kuisugua pete.

"Labeka, bwana wangu!" jini akasema. "Kasri nitalibeba kiganjani, lakini matumba ya miti hii hayajalala miaka mitatu kwa maji yako. Tumba lisilolala nitaliamshaje?"

Lahaula! Kumbe kosa ni la ndoo zake mwenyewe. Akamwamuru jini aunywe mfereji wote alikochota maji ya bustani na asiyateme maji yake kwa siku arubaini. Majani yakajikunja na mengine yakapukutika, na siku ya thelathini Sultani akaja na askari mwenye upanga, amefura kwa ghadhabu.

"Ewe mlaanifu, umeniulia miti!"

"Maulana, uishi dahari," Mbaruku akajibu, "haikufa, imelala. Nipe siku kumi ilale na kumi na tano iamke, kisha shingo yangu ni halali yako."

Siku ya arubaini jini akayatema maji, na baada ya wiki mbili bustani nzima ikawa nyeupe kwa maua. Sultani akalia kwa furaha, akasema harusi itafungwa chungwa la kwanza litakapoiva.

Hapo subira ikamwishia Mbaruku. Mwezi wa nne tangu maua kuchanua akamwambia jini aivishe chungwa moja, nalo likageuka manjano papo hapo, akampelekea Nuwera kwa bashasha. Binti akaonja, akakunja uso, akatema.

"Umelipaka rangi tu, Mbaruku," akasema akicheka. "Nenda kangoje. Au wadhani mimi sioni siku zilivyo ndefu?"

Aibu ikamjaa, akamwacha jini huru, akangoja. Mwezi wa tisa machungwa yakaiva, mengine yangali na ukijani, matamu ajabu. Wakaoana, na Mbaruku akapewa nusu ya hazina.

Asikiaye na azingatie: kipendwacho nacho kina haki ya kulala. Sultani mwenyewe aliyakubali hayo kwa ulimi tu. Kila mwaka mfereji ulipofungwa ili miti ilale, ilibidi bintiye amnyang'anye ndoo.