Picha ya Mama Nani?

Sogeeni, wenye kazi na wenye vyeti tu.

Nakuru palikuwa na bendi ya roki: watu watatu, digrii tatu, ajira sifuri. Nyaboke alijua maneno, Mwadime gitaa, Lemayian ngoma. Siku walipoianzisha walikula kiapo: wimbo wa kwanza wa albamu utatoka na picha ya mama mmoja, mama wa aliyeuzaa.

Nyaboke alitoa barua. Sitini na moja za kunyimwa kazi, zote zikianza "We regret to inform you", yaani tunasikitika kukuarifu. Alizibandika ukutani, akachuna sentensi moja moja, akawajibu waajiri kwa kuimba: "Mnasikitika, na bado mnalala vizuri?" Bila barua hizo, hakuna wimbo.

Mwadime alitoa sauti. "Dada, hii ni kesi, si wimbo," alimwambia. Akayatilia maneno yale gitaa linalonguruma kama mashine ya kusaga posho, mpaka hasira ikachezeka. Bila gitaa hilo, barua zingebaki barua.

Lemayian alitoa ukaidi. Siku ya kurekodi stima ilipotea. Gitaa likafa, maikrofoni ikafa. Yeye akaendelea kupiga.

"Wacha, bana! Stima imeenda!" Mwadime akapaza sauti.

"Kwani ngoma zinakula stima?"

Wateja wa kinyozi wa jirani wakaingia, mmoja kanyolewa nusu kichwa, wakauitikia wimbo kwa nguvu. Mwenye studio akawarekodi kwa simu, akaisambaza video. Kelele hizo ndizo zilizofanya mji mzima uulize wimbo unatoka lini.

Unatoka leo, Ijumaa, saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu, Nyaboke ana simu mkononi na picha tatu. Mama Mwadime anacheka hadi pengo linaonekana. Mama Lemayian amefumba macho, kama kawaida yake. Na mamake mwenyewe, aliyewadanganya wanakwaya wenzake miaka minne kwamba binti yake ni mwalimu huko mbali, ameshika kofia ya mahafali, kaipangusa vumbi. Jana alisema, "Wakiniuliza tena unafanya kazi gani, nitawaonyesha hii."

"Weka wako," Mwadime anasema, "ila jua wangu ameshatangazia kanisa."

"Wangu ameita kijiji," anasema Lemayian.

Nje, kinyozi ameshatoa spika mlangoni. Watu wanajaa. Nyaboke anazipitia tena picha zote tatu.

Haya, nyinyi mnaonyima watu kazi kwa barua ya mistari miwili: leo hakuna kusikitika. Mngemweka mama nani?