Chiku na Jiko la Bwana Shomvi

Pale Korogwe alikuwepo Chiku, binti aliyeweza kumwomba mgambo ambebee mzigo, na mgambo akaubeba. Siku moja alikwenda kuomba kazi ya upishi kwa Bwana Shomvi, tajiri wa mgahawa mkubwa kuliko yote pale stendi.

"Uzoefu unao?" akauliza Shomvi, tumbo likimtangulia.

"Sina, bosi. Ndiyo nataka nianze."

"Kaanzie kwa mama yako! Si mimi, si Bi Zuwena wa ng'ambo ya barabara, hakuna anayemchukua mpishi asiye na uzoefu."

Chiku akainamisha kichwa. "Basi bosi, hata unifukuze tu kama unavyowafukuza wapishi wako. Nasikia kwa kufukuza mji mzima hakuna anayekufikia."

Shomvi akavimba kwa sifa. Akamsukuma hadi mlangoni, akanguruma wateja wote wakageuka: "Toka! Usikanyage tena jikoni kwangu!"

Chiku akavuka barabara akibubujikwa machozi, moja kwa moja hadi kwa Bi Zuwena.

"Pole mwanangu, nimesikia yote," akasema Bi Zuwena. "Ulimdai mshahara, eh? Yule hamfukuzi mpishi kwa jingine. Haya, vaa aproni, nyama inaungua."