Meno Kumi na Tisa na Kamba ya King'ora

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuoana na mbuni, bali zamani ya juzi ambayo makovu yake bado yanawasha, palikuwa na shamba la mkonge liitwalo Kwamsanja. Shamba gani hilo! Mistari yake ilinyooka mpaka jicho linachoka kabla mstari haujaisha. Miba yake ungeweza kushonea viatu vya tembo. Na king'ora chake, kile cha mvuke kilichokaa juu ya paa la kiwanda, kikilia alfajiri mbuzi wa vilima vitatu mbele walisimama wakajipanga foleni. Anayebisha aende akawaulize mbuzi. Msimulizi hatii chumvi. Miaka ile chumvi yenyewe ilikuwa haipatikani.

King'ora hicho kilivutwa na mtu mmoja tu, meneja wa Kampuni, mzungu ambaye watu walimpachika jina la Bwana Kipenga. Akivuta, watu elfu wanaamka. Asipovuta, hakuna kunyoosha mgongo wala kwenda nyumbani. Jua lilikuwa la Mungu, lakini saa ilikuwa ya Bwana Kipenga.

Nchi ikapata uhuru. Haukupita muda serikali ikatangaza: mashamba haya ni ya waliomwaga jasho humo. Bwana Kipenga akafunga masanduku. Lakini kabla ya kupanda gari alifanya mambo mawili. Alipanda ngazi ya paa akakata kamba ya king'ora, akaitia mfukoni. Kisha akaingia kwenye korona, ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge mpaka ibaki katani nyeupe, akang'oa gurudumu la meno lenye ukubwa wa sahani ya uji.

"Korona haisikii Kiswahili," akasema getini. "Mtaniita wenyewe."

Kampuni nayo haikulala. Iliandika kwa wakubwa wa serikali kwamba watu hawa wanajua kukata tu, kuendesha hawajui. Wakubwa wakajibu: siku arobaini. Siku ya arobaini atakuja mkaguzi. Akikuta korona inazunguka na mali ina mnunuzi, shamba ni la wafanyakazi. Asipokuta, Kampuni inarudi, na Bwana Kipenga anarudi na kamba yake.

Sasa msikilizeni Nampoto.

Nampoto alikuwa Mmakonde wa Newala, aliyeletwa Kwamsanja kwa kandarasi angali kijana. Miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa moja: kuosha vyuma vya korona kwa mafuta ya taa. Kufungua haruhusiwi. Kuuliza haruhusiwi. Kuosha, ruksa. Basi kila Jumamosi alipewa lile gurudumu akalisugua jino kwa jino, na ili asirudie jino aliloosha, kila jino alilipa jina la mahali walipolala njiani siku zile wanaswagwa kuja shambani. Newala, Masasi, Lindi, akiimba hivyo mpaka jino la mwisho, Kwamsanja.

Siku ile gurudumu lilipotoweka, Nampoto alikaa chini akafumba macho, akaviweka viganja vyake hewani kama mtu aliyeshika sahani.

"Fundi, umeona malaika?" watu wakamcheka.

"Nimelishika," akasema. "Bado niko nalo."

Akaenda kwenye toroli la pekee lililobaki, lile la kubebea majani, akang'oa gurudumu moja la chuma. Akachukua tupa, akaanza kuchonga meno huku anaimba njia yake. Siku kumi na mbili. Alipolipachika, korona ikaguta kama ng'ombe anayekabwa, gurudumu likapasuka vipande viwili.

Hapo ndipo moyo ulipomwanguka. Akaanza kuhesabu upya kwa vidole. Meno kumi na manane. Njia nzima ipo, hakuna mji alioruka. Aliimba mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu ndipo aliposikia kitu: katikati ya wimbo, kati ya jina moja na jingine, alikuwa anavuta pumzi. Miaka kumi na mmoja alikuwa anavuta pumzi palepale. Palikuwa na jino pale ambalo mkono uliliosha bila mdomo kulitaja. Jino hilo lilikuwa la usiku ambao hawakulala popote, kwa kuwa walikuwa wakimzika kaka yake aliyeanguka njiani.

Nampoto akang'oa gurudumu la pili la toroli. Akachonga meno kumi na tisa.

Lakini toroli lisilo na magurudumu mawili ni kitanda kibovu tu. Majani yatafikaje kiwandani? Hapo anaingia Ruhaga, Muha wa Kigoma, mkata mkonge mwenye mabega kama mlango wa ghala. Wakati huo huo Kampuni ilikuwa imefungua shamba jingine ng'ambo ya mto, inatoa nyama na blanketi kwa kila mkataji atakayehama. Wakaanza kuondoka, watano leo, kumi kesho. Ruhaga hakuwazuia. Alisimama njiani akanyoosha mkono.

"Nendeni salama, ndugu zangu. Ila niachieni visu. Zamu zenu nitazikata mimi."

"Wewe peke yako?"

"Kwani mmeniona niko wawili?"

Wakamwachia visu kwa kejeli. Akavifunga kiunoni vyote, akitembea analia kama duka la vyuma linalohama. Akakata. Akabeba kichwani, miba ikimchora uso. Alipomaliza zamu ya mtu, alikisafisha kisu chake akakitundika mlangoni kwa mwenye kisu, mbele ya mke na watoto. Siku ya nne mtu wa kwanza akarudi usoni haya tupu, akasema blanketi la ng'ambo lina chawa. Siku ya kumi walikuwa wamerudi wote, na chawa wale wakasingiziwa mambo mengi sana. Safu ya watu ikatoka shambani mpaka kiwandani, majani vichwani, bila toroli.

Je, mnunuzi? Kampuni ilikuwa imeziambia meli zote: robota ya katani isiyo na muhuri wetu msiipakie. Wanaume wakashika tama. Tabu Mhina, Mbondei, mwanikaji wa katani, akawacheka mpaka khanga ikamwanguka.

"Wanaume ninyi, mnalilia meli! Miaka yote tunapeleka katani yetu kwa wazungu, inarudi kamba, tunainunua kwa kuomba radhi. Hivi vidole vya kusokota viko kwao tu?"

Akawakusanya wanawake wenzake. Korona bado haijapona, basi wakakwangua majani ya Ruhaga kwa mkono, kwa ubao na kisu, kama walivyofanya bibi zao. Wakasokota. Kisha Tabu akatembea kwa miguu kwa wachimba visima, kwa wafugaji, kwa vyama vya ushirika vya pamba. Hakubembeleza mtu. Alifunga kamba kwenye dume la ng'ombe, akasema: "Ikikatika, nami nitakula nyasi." Haikukatika.

Siku ya arobaini mkaguzi akafika, na pembeni yake mjumbe wa Kampuni, koti jeupe, tabasamu tayari. Getini wakakuta wafugaji na wachimba visima wamepanga mstari wakigombea kamba. Ndani, Nampoto akapachika gurudumu. Akagusa jino moja kwa kidole gumba, jino lisilo na jina, akafungua mvuke. Korona ikakohoa, ikanguruma, ikaanza kula majani ya Ruhaga na kutapika katani nyeupe kama ndevu za nabii. Mkaguzi akatia saini. Watu wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia.

Mwenyekiti wa kamati, dresa wa zahanati aitwaye Kihiyo, akapanda kwenye pipa. "Sasa king'ora kilie! Na atakayekivuta leo ndiye atakayekitunza. Yeye ndiye atakayesema kazi inaanza lini na inaisha lini."

Kamba mpya ilikuwa inaning'inia, Tabu aliisokota mwenyewe. Lakini ngazi ya paa ilibeba mtu mmoja tu.

"Nivute mimi," akasema Nampoto. "Bila meno yangu kumi na tisa mvuke huo ungepikia nini? Na jino moja lina kaburi ndani yake."

"Pole, fundi," akasema Ruhaga, "lakini meno bila chakula ni pengo tu. Nani aliyeyalisha? Nani aliyewarudisha watu? Ukipiga king'ora kwenye shamba tupu, wataamka mbuzi."

"Na mimi je?" Tabu akashika kiuno. "Mashine inazunguka, majani yapo, haya, mngemuuzia nani? Mngekuwa na shamba lenu, na tumbo bado linaomba kwa Kampuni. Na hiyo kamba mnayotaka kuishika, si mkono wangu huo?"

Mjumbe wa Kampuni akakohoa. "Kwa haki yenyewe angevuta Bwana. Kama asingeondoka na gurudumu, mngejifunza nini?"

"Basi mwambie aondoke na magurudumu mengine," Tabu akamjibu, "tufike mwezini!"

Kicheko kilimsindikiza mjumbe mpaka kwenye gari lake.

Kisha watu elfu nzima wakageuka kuitazama ngazi. Nampoto aliviangalia viganja vyake vyenye mafuta. Ruhaga alipangusa damu usoni. Tabu hakuondoa jicho kwenye kamba. Saa ya Kwamsanja ilikuwa imesimama, inamngoja mwenyewe, na kule juu mvuke ulikuwa umejaa unapiga miluzi midogo.

Basi, ninyi mliokaa hapa mkitafuna karanga bila kumkaribisha msimulizi, msitazamane. Mvuke hausubiri. Je, ni nani aliyestahili kupanda ngazi ile?